Usimalize mtaji kwenye sabuni: jibu kwa anayefungua butike Ndosho

Mdogo wangu, umeuliza kama ufuate shauri la mjomba wako. Unafungua butike, yaani duka dogo, mtaa wa Ndosho hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza ugonjwa wa mpox kuwa dharura tarehe 14 Agosti 2024, na mjomba anataka mtaji wote uende kwenye sabuni na dawa za kuua vijidudu. Mimi nauza mtaa wa Birere, hapa hapa Goma, mwaka wa kumi na mbili sasa. Ebola na Covid zote zimenikuta nyuma ya kaunta. Jibu langu ni hapana, na ninasema hivyo kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe na liliniuma.

Ilipotangazwa Julai 2019 kwamba mgonjwa wa Ebola amefika Goma, sabuni iliisha dukani kwangu siku mbili tu. Nikaona hapa kuna pesa. Nikakimbilia depo, ghala la jumla, nikachukua katoni thelathini, nyingine kwa deni. Wiki ya pili hakuna aliyeuliza. Niliwaza sana mpaka nikaelewa: watu walikuwa wamenunua kwa siku mbili sabuni ya mwezi mzima. Mche ulioko nyumbani haujaisha, mtu atanunua mwingine wa nini? Na kila mlango wa ofisi, kanisa na shule uliwekwa ndoo ya robine (bomba dogo) yenye maji ya klorini, kwa hiyo mikono ilioshwa bure njiani. Pesa yangu ikalala kwenye katoni, huku unga wa muhogo ukiniishia na wateja wakienda kwa jirani.

Mwaka 2020 nikarudia, safari hii kwa tangawizi na ndimu, kwa sababu kila mtu alikuwa anazichemsha anywe dhidi ya Covid. Ndimu zilipanda bei kila asubuhi. Halafu zikashuka ghafla, na nusu ya gunia langu la tangawizi ikaoza. Pia muuzaji mmoja wa jumla aliniuzia bidoni (madumu) za dawa ya mikono ambayo ilikuwa maji matupu yenye harufu. Wateja wangu walinirudishia chupa, nami nikawarudishia pesa yao. Ukinunua dawa, fungua bidoni mbele ya aliyekuuzia.

Sasa nikueleze jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Tulisikia kwamba Ulaya watu walijaza magari yao karatasi za chooni na unga. Huku kwetu wenye mshahara, wale wa mtaa wa Himbi, walinunua magunia kweli, lakini walienda moja kwa moja depo. Mteja wa butike alifanya kinyume kabisa: alipunguza kipimo.

Kuna mama mmoja wa jirani, muuza karoti na liki (kitunguu cha majani), aliyekuwa anavuka mpaka wa Petite Barrière kila alfajiri kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda. Kila Jumamosi alinunua kwangu chupa nzima ya mawese. Rwanda ikafunga mipaka Machi 2020, na siku chache baadaye, tarehe 24, Rais wetu akatangaza hali ya dharura. Yule mama akaanza kuja na kichupa cha soda cha mtoto. Baadaye akawa anachukua mafuta ya kasashe (kifuko kidogo cha plastiki), moja asubuhi, moja jioni. Haingii ndani. Anasimama kwenye ngazi, anatumbukiza noti kwenye beseni la maji ya sabuni nililoweka, ndipo anataja anachotaka. Siku moja nikamwambia, mama, kwa hesabu hii unanilipa zaidi kuliko ungenunua chupa. Akanijibu: «Najua. Lakini nikinunua chupa, mtoto akiugua usiku, nitampelekea daktari mafuta?»

Neno hilo lilinifundisha biashara kuliko mtu yeyote. Watu hawakuwa wameacha kula. Walikuwa wanalinda noti iliyoko mkononi, kwa sababu hawakujua kesho italeta nini. Nilichofanya ni kufungua magunia na kupima vidogo: chumvi ya kijiko, sukari ya kikombe, maharage ya kula mara moja, makala (makaa) ya mfuko mdogo. Nilikataa kupandisha bei ya kipimo kidogo kupita kiasi, ingawa nafasi ilikuwepo. Duka halikufa.

Makayabu, samaki wa chumvi, yalilala. Sambaza, dagaa wa ziwani, ziliendelea kwenda, maana zinauzwa hata kidogo kidogo. Biskuti na soda zilikufa shule zilipofungwa, hizo usizijaze.

Bei ni mateso mengine. Depo wanahesabu kwa dola, sisi tunauza kwa franga za Kongo. Mwanzoni mwa 2020 dola ilikuwa karibu franga 1,700, mwisho wa mwaka ikakaribia 2,000. Mteja anaona unga umepanda, anadhani wewe ndiye mwizi unayefaidi ugonjwa. Nilibandika mlangoni karatasi yenye bei ya dola ya siku hiyo, kila asubuhi naibadilisha. Makelele yakapungua sana.

Pesa za simu zilisaidia kidogo kwa walioogopa noti, ila wengi wa kwangu waliendelea na noti na beseni.

Kuhusu deni, hapa wengi hawatakubaliana nami. Usifunge daftari, lipunguze. Mimi nilikubali deni la chakula tu, na kwa mtu ninayejua mlango wake. Yule mama wa karoti alifikia franga elfu arobaini na kitu. Wenzake walipoanza kuchanga mizigo na kuituma kwa pamoja ng'ambo, bila kila mmoja kuvuka, akaanza kulipa kidogo kidogo. Mpaka wa Rwanda ulipofunguliwa kabisa Machi 2022, alikuwa hana deni kwangu tangu zamani, na chupa ya Jumamosi ilikuwa imerudi. Wawili wengine hawakulipa mpaka leo.

Kwa hiyo sabuni chukua ya wiki mbili, si zaidi. Mpox unapita sana kwa kugusana ngozi na ngozi, hata kwa nguo na mashuka ya mgonjwa, basi sabuni ya unga ya kufulia weka kwenye vifuko vidogo. Pesa inayobaki itie kwenye unga, maharage, chumvi, mafuta na makala, na ubakize kiasi mkononi ambacho hukigusi. Nunua mizani nzuri na kasashe tupu za kutosha. Na kabla ya kufungua, kaa asubuhi tatu karibu na mama wauza sombe (majani ya muhogo) wa Ndosho uangalie wanapima kifungu cha bei gani. Anza na bei hiyo.