Kabla hujaombea kanda yako mashine ya mionzi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye mipango ya huduma za saratani, kosa ninaloliona likirudiwa ni kuanza na bei ya mashine. Anzeni na mgonjwa. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi hupigwa mionzi siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi, kisha huwekewa mionzi ya ndani, yaani chanzo cha mionzi huingizwa mwilini karibu na uvimbe. Yote inatakiwa iishe ndani ya wiki nane, maana kila siku inayopotea baada ya hapo inampunguzia nafasi ya kupona. Mnachonunua hasa ni siku zisizokatika.

Hesabu ya mwanzo ni nyepesi. Takribani nusu ya wagonjwa wa saratani huhitaji mionzi, na mashine moja hubeba kama 450 hadi 500 kwa mwaka. Kanda yenye wagonjwa wapya 2,000 inahitaji mashine mbili. Ila msitegemee rejista ya hospitali peke yake. Aliyekosa nauli hayumo humo.

Hizo mbili ziwekeni wapi? Kila mkoa utataka yake, na mtabanwa kweli kweli. Mimi nasema ziwekeni jengo moja, za aina moja, ili moja ikizima wagonjwa wahamie nyingine siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika kabisa. Zaidi ya mwaka na nusu ulipita kabla mpya haijaanza kazi, na wapo waliolazimika kwenda Nairobi kutafuta tiba. Sipendi hata kuwaza ni wangapi hawakuweza safari hiyo.

Mashine ya aina gani: kobalti, inayotumia chanzo chenye mionzi yake yenyewe, au LINAC, inayozalisha mionzi kwa umeme? Kobalti huvumilia umeme wa kukatika-katika, lakini chanzo chake hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka mitano na ushee. Mgonjwa aliyelala mezani dakika mbili atalala nne, na foleni inarefuka bila mashine kuharibika. Basi bajeti ya chanzo kipya, na ya kukiondoa cha zamani, iandikwe tangu siku ya kwanza. LINAC haina chanzo hicho, ila inadai umeme tulivu, upoozaji wa uhakika, vipuri na mkataba wa matengenezo.

Kuna hospitali moja niliyofanya nayo kazi ambako mashine ilifika kuta za chumba chake zikiwa hazijaisha. Kuta hizo ni za zege, nene, sehemu nyingine zinafika mita mbili na zaidi, haziharakishwi. Mashine ilikaa kwenye makasha huku waranti inahesabika. Mwanafizikia tiba, mtaalamu wa kupima na kupanga dozi za mionzi, naye alikuwa bado masomoni. Nami nilikuwa nimesaini ratiba ile, na inaniuma mpaka leo. Wapelekeni watu shule kwanza, mjenge, ndipo muagize. Tume ya Nguvu za Atomu, inayosimamia usalama wa mionzi, ishirikisheni ramani ikiwa bado kwenye karatasi.

Halafu malazi. Kutoka Bukoba hadi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,300; hospitali ya Bugando, Mwanza, kutoa mionzi kumewapunguzia safari watu wa Kanda ya Ziwa, lakini wa Kigoma bado hawezi kwenda na kurudi kila siku. Nikiletewa andiko la mradi, huwa nafungua kwanza ukurasa wa hosteli. Nisipouona, nalirudisha.