Barua ikiwa masjala, siku za mkataba zinahesabika

SWALI: Mimi ni mhandisi wa halmashauri, nipo Moshi. Nasimamia mradi wa ubia kati yetu na kampuni binafsi. Kwenye mkataba wenye kauli ya mwisho ni sisi, lakini saiti kila kitu wanaamua wao, sisi tunaambiwa baadaye. Kasoro iko kwenye mkataba au kwenye utamaduni wa kazi?

JIBU: Dada mhandisi, pole na majukumu. Ni utamaduni wa kazi, ila mkataba ndio unaoupa meno.

Tafuta kifungu cha muda wa kuidhinisha. Mikataba mingi ya ubia inasema mamlaka isipojibu ndani ya siku zilizowekwa, ombi linahesabika limekubaliwa. Sasa ifuate barua ya kampuni ikifika kwenu: masjala, kwa mkurugenzi, ishuke kwa mkuu wa idara, ikufikie wewe, kisha ipande tena kutafuta saini. Siku zimeisha. Niliyaona hayo kwenye mradi mmoja hapa Arusha. Michoro ya mtaro ilibadilishwa, tukaanza kulalamika zege likiwa limeshakauka, wakatuonyesha tarehe ya barua yao. Iliniuma sana, kwa sababu wanaokaa chini ya mtaro ule ndio wanaoingiliwa na maji kila masika.

Pia angalia nani anaandika muhtasari wa vikao. Akiandika mtu wa kampuni peke yake, "ilijadiliwa" hugeuka "ilikubaliwa".

Wala si udhaifu wetu peke yetu. Mwaka 2003 London iliipa kampuni ya Metronet mikataba ya miaka 30 ya kukarabati reli za chini ya ardhi. Wenye hisa walikuwa watano, na kazi nyingi za mradi zikaenda kwao hao hao. Nani angembana mwenzake kuhusu gharama? Mwaka 2007 Metronet ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Kwa hiyo ulizia: wakandarasi wadogo wa mradi wenu ni kina nani, na wana hisa wapi?

Kwa sasa, mwombe mkurugenzi akukasimu kwa barua madaraka ya kujibu mambo ya kiufundi, hata kama ataanza na michoro tu. Kampuni ijulishwe rasmi, la sivyo majibu yako hayatahesabika. Barua za mradi zikufikie siku ile ile, nakala ndiyo iende masjala. Na muhtasari mwandike kwa kupokezana, usainiwe kabla watu hawajatoka kikaoni.