"Makazi", "majengo ya makazi" au "nyumba": kwenye ramani uandike ipi?

Msomaji anauliza: "Habari mtaalam, tupo watatu tunachora ramani ya matumizi ya ardhi kutoka picha za setilaiti. Kwenye ufunguo wa ramani mimi nimeweka 'makazi', mwenzangu anataka 'majengo ya makazi', wa tatu anasema andikeni tu 'nyumba' kila mtu ataelewa. Nani yuko sahihi? Na ghorofa zinahesabiwaje, mana hapo ndo tumegombana kabisa."

Nzuri. Wote mko sahihi ila kila mtu anaongelea kitu chake, ndo mana hamuelewani.

Makazi ni mahali watu wanapokaa, kwa hiyo humo ndani mna nyumba, nyua, vichochoro, miti na hata uwanja wa watoto kuchezea. Jengo la makazi ni kile chenye kuta na paa, basi. Sasa ukizungushia mtaa mzima mstari ukaupaka rangi moja afu ukauita "majengo ya makazi" umeshamwambia msomaji kwamba hata njia na miti ni majengo, na akija kupiga hesabu ya eneo lililojengwa atapata namba ya ajabu. OpenStreetMap, ule mradi wa ramani ulioanza 2004, hawachanganyi haya mawili: eneo la makazi lina tegi yake (yaani lebo) ya matumizi ya ardhi na kila jengo lina tegi yake. Ule mfumo wa Ulaya wa CORINE, wa kuchora ramani za ardhi na kilichoifunika, nao eneo dogo kabisa wanalochora ni hekta 25, na maeneo ya mji wanayatenganisha kwa kiasi cha ardhi iliyozibwa na majengo, lami na zege: ikizidi asilimia 80 ni mji ulioshikana, kati ya 30 na 80 ni ulioachana. Kwa kipimo hicho jengo moja moja halionekani, kwa hiyo neno "jengo" halina kazi pale.

"Nyumba" ndo kigeugeu. Mtu akisema ana nyumba ghorofa ya nne hamaanishi jengo zima ni lake. Jengo lenye fleti 20 ni nyumba moja au nyumba 20? Kiswahili kinakubali zote mbili, na kwenye maongezi haina shida, ila kwenye jedwali la data hapo ni vurugu. Ushauri wangu: "jengo" liwe paa mnaloliona kwenye picha, na sehemu ya kuishi mtu na watu wake ndani ya jengo iiteni "nyumba" au "fleti", ila mkishachagua msibadilishe. Na tafadhali msiite "kaya", kaya ni watu, hata wakihama wanahama na kaya yao, jengo linabaki.

Kuna mtego mwingine wengi hawauoni. "Jengo la makazi" linaweza kuwa lililojengwa ili watu wakae, au linalokaliwa sasa hivi. Ghala la zamani ambalo watu wamehamia utaliweka wapi? Kwenye OpenStreetMap tegi ya jengo inafuata lilivyojengwa, kwa hiyo linabaki ghala, matumizi ya sasa yanaandikwa pembeni. Kiswahili kina virejeshi, tuvitumie: "lililojengwa kwa makazi" na "linalokaliwa". Maneno yanaongezeka kidogo, sawa, lakini hamna mtu atakayewapigia simu kuuliza.

Kwenye aina za majengo angalieni hili neno "inajitegemea". Wapangishaji wanalitumia kwa nyumba yenye choo na jiko lake ndani, na nyumba hiyo inaweza ikawa imebanwa ukuta kwa ukuta na ya jirani. Kama mnachotaka kusema ni kwamba haijagusana na nyingine, andikeni "iliyosimama peke yake". Zinazochangia ukuta mmoja mbili mbili ni nyumba pacha, zikiwa mstari mzima ni nyumba za safu.

Mkifika kwenye maeneo yenye msongamano vidole vitakimbilia "makazi duni" au "makazi holela". Zuieni. Duni ni ubora, holela ni mipango, na setilaiti haijawaonyesha hati ya mtu wala hali ya ndani, imewaonyesha mapaa yaliyobanana. Andikeni "makazi yaliyosongamana". Hata watafiti Stewart na Oke, kwenye mfumo wao wa 2012 wa kanda za hali ya hewa za mijini aina nyingi za maeneo yaliyojengwa wamezitenga kwa vitu vya kupimika, urefu wa majengo na yalivyobanana au kuachana.

Kisarufi haina mambo mengi: makazi yana, makazi haya, makazi yaliyopo, sio "makazi ina" kama ninavyoona kila siku. Kuna wanaoandika "makaazi", siwapingi, ila mkiwa watatu mkaandika kila mtu yake kompyuta itahesabu aina mbili za ardhi wakati ni moja.

Haya, ghorofa. Wengi wakisema "nyumba ya ghorofa moja" wanamaanisha kuna chini halafu kuna juu mara moja, jumla sakafu mbili. Mwingine anaanza kuhesabia chini, kwake ghorofa moja ni ile ya chini tu. Msijaribu kuamua nani kakosea, mtakesha. Kwenye safu ya jedwali acheni hilo neno, wekeni "idadi ya sakafu, ya chini ikiwemo", ambayo ndo hesabu ya OpenStreetMap pia, au mkiwa na vipimo wekeni mita. "Ghorofa" ibaki kwenye maelezo ya kawaida, na isiyo na kitu juu yake iiteni nyumba ya chini, hiyo haina mabishano.