Maswali ya viza ya kusoma nje: hela ya mjomba, kipimo cha TB na biashara ya asali

Wadau habari zenu, meseji za viza ya mwanafunzi zimejaa inboksi, nyingi za Uingereza na chache za Marekani. Nimechukua zile zinazojirudia zaidi, kama lako halipo soma tu, huenda jibu lako limo kwenye la mwenzako.

Shikamoo kaka, mi ni binti wa Urambo, nimepata chuo Uingereza, nje ya London. Ada ya mwaka wa kwanza baba kashalipa kwa hela ya tumbaku, ya kujikimu anatoa mjomba wa Kigoma, iko kwenye akaunti yake. Nipeleke stetimenti ya mjomba?

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Stetimenti ya mjomba usiipeleke, watakunyima. Najua kwetu mjomba kusomesha ni jambo la kawaida kabisa na wala hakuna anayeuliza, ila kanuni za wenzetu zinakubali akaunti yako mwenyewe, ya baba au mama, ya mlezi wa kisheria, au katika baadhi ya hali ya mume kama umeolewa. Mjomba, shangazi, kaka, hao wote hawahesabiki hata wawe na mabilioni. Sasa dawa yake ni mjomba ahamishe hizo hela ziingie kwako au kwa baba, halafu zitulie siku 28 mfululizo bila kuguswa, na stetimenti iishie ndani ya siku 31 kabla hujatuma maombi. Kiwango cha nje ya London ni pauni 1,171 kwa mwezi mara miezi 9, yaani 10,539 (London kwenyewe ni 1,529 kwa mwezi). Salio likishuka chini ya hapo hata siku moja tu, umeanza upya kuhesabu.

Na hapa wakulima wa tumbaku muwe makini jamani. Akaunti inayopokea malipo ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ina makato ya mkopo wa pembejeo, sasa wewe uko siku ya 20 unahesabu, benki inakata, kwisha habari. Baba afungue akaunti nyingine isiyo na deni lolote, hela ikae huko. Ukitumia akaunti ya baba ambatanisha cheti chako cha kuzaliwa na barua yake ya kukubali hela itumike kwa masomo yako. Angalia na majina, kama kwenye cheti baba kaandikwa hivi na benki kaandikwa vile, nenda mkarekebishe sasa hivi wala usisubiri mwezi wa nane. Karatasi yoyote ya Kiswahili, iwe ya AMCOS au ya serikali ya mtaa, lazima iende na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa.

Ada aliyolipa baba hakikisha chuo kimeiandika kwenye CAS yako, ile kumbukumbu wanayokutolea ya kuombea viza. Isipoandikwa watakudai uonyeshe na hiyo ada.

Kuna jamaa hapa Tabora mjini anasema atanitengenezea stetimenti ya benki, mia kwa mia inapita. Nimwamini?

Usimwamini, na kama ushampa hela bora uipoteze hiyo hela kuliko kupeleka hiyo karatasi. Wanapiga simu benki kuhakiki. Ukikamatwa na karatasi feki Uingereza wanaweza kukufungia miaka 10, na jina linaloandikwa pale ni lako, yeye hayumo popote. Fomu yenyewe iko onlaini, Kiingereza chake cha kawaida, mtu aliyemaliza fomu siksi anaijaza mwenyewe. Kaa chini uisome, ni maisha yako hayo.

Kipimo cha TB naweza kupima Maweni hapa Kigoma nikaokoa nauli?

Hapana, hospitali yoyote ya kawaida haikubaliki hata kama ni ya mkoa, ni kliniki waliyoiidhinisha Uingereza tu, nayo iko Dar kwa IOM, lile Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Inakuhusu kama kozi inazidi miezi 6. Cheti kinadumu miezi 6 na unatakiwa uwe nacho kabla ya kutuma maombi. Kwa sisi wa huku ni safari ndefu, kwahiyo panga hivi: weka miadi kabla hujapanda treni, beba paspoti, pima, subiri majibu ukiwa kwa ndugu, tuma maombi hukohuko Dar, ukapige picha na alama za vidole ndo urudi.

Nikifika naweza kuuza asali ya Tabora kwa Wabongo wa kule? Na masaa 20 ya kazi ni kwa wiki au wastani wa mwezi?

Asali hapana. Kujiajiri kumekatazwa kabisa kwa mwanafunzi, iwe asali, vitenge, au kupeleka chakula kwa baiskeli kupitia zile app. Kuajiriwa ruksa, wa digrii masaa 20 wakati wa muhula, Jumatatu hadi Jumapili, wiki kwa wiki, hakuna wastani. Ukifanya 25 wiki hii na 15 ijayo umeshavunja. Wa masters mkumbuke kipindi cha kuandika tasnifu bado ni muhula japo madarasa yamefungwa, kwahiyo ni masaa 20 yaleyale.

Masters ya mwaka mmoja, naenda na mke na mtoto?

Kwa Uingereza tangu Januari 2024 hairuhusiwi, labda iwe ya utafiti au uwe na ufadhili wa serikali.

Mdogo wangu yuko Marekani mwaka wa pili, viza imeisha mwezi uliopita. Tumefiwa na baba Kasulu, anataka kuja kuzika.

Poleni sana ndugu yangu. Kwanza muondoe hofu: viza ya F, yaani ya mwanafunzi, ni ya kuingilia tu, kuisha kwake hakumfanyi awe pale kinyume cha sheria maadamu anasoma masomo kamili na I-20 yake, ile fomu anayopewa na chuo, iko hai. Shida ni kurudi. Akitoka lazima apate viza mpya, na tangu 1 Januari 2026 Marekani imesitisha kutoa viza za F, M (ya mafunzo ya ufundi) na J (ya programu za kubadilishana) kwa Watanzania, misamaha ipo lakini ni ya wachache. Viza zilizokuwa hai siku hiyo hazikufutwa, ila ya kwake ndo imeisha hivyo. Akija kuzika leo, kuna uwezekano mkubwa asirudi darasani, na hilo ni zito kumwambia mtu aliyefiwa na baba yake lakini bora alijue kabla ya kupanda ndege. Aende leo ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake awaeleze msiba, wao ndo wanaoshika rekodi yake na wanaweza kumpangia hata masomo. Wazee wa Kasulu mkae nao muwaeleze mapema kwanini hayupo, asije akasemwa hakumjali baba yake. Msimwachie aeleze mwenyewe kwa simu siku ya maziko.