Pointi Nne za Elki Wyoming: Je, Mwindaji wa Nje ya Jimbo Aendelee Kungoja?

Swali: Ninaishi Columbus, Ohio, na kila msimu huwinda kulungu wa mkia mweupe karibu na nyumbani. Kwa miaka kadhaa nilisafiri hadi Colorado kuwinda elki, aina ya kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini, kwa upinde, kwa kuwa kibali kilinunuliwa moja kwa moja bila droo. Mwaka 2025 nikaelezwa kwamba sisi tusio wakaazi hatukipati tena kwa njia hiyo. Wyoming nina pointi nne za elki, zile zinazonunuliwa mwaka hadi mwaka ili kumsogeza mwombaji mbele katika droo ya vibali. Kwa nini ada zinapanda huku vibali vikipungua, ilhali ardhi tunayowindia ni ya serikali ya shirikisho na sote tunailipia kodi? Je, niendelee kununua pointi, nilipe ile ada maalumu iliyo juu kuliko ya kawaida, au niachane na jambo hili?

Jibu: Usiachane nalo, lakini usiendelee kulimbikiza pointi kwa matumaini ya kupata eneo lenye sifa kubwa. Ushauri wangu ni kwamba pointi hizo nne uzitumie mapema iwezekanavyo kuomba leseni ya jumla ya elki Wyoming (isiyokufunga kwenye eneo moja lenye vibali vichache), na sambamba na hilo uombe kila mwaka katika jimbo ambalo halina mfumo wa pointi. Sababu zake zinahitaji maelezo, na nitaanza na suala la ardhi, kwa maana ndilo linalowaumiza wengi.

Nchini Marekani ardhi inaweza kuwa ya shirikisho, lakini wanyama walio juu yake husimamiwa na jimbo kwa niaba ya wakaazi wake. Wawindaji wa nje waliwahi kulipinga jambo hili mahakamani. Katika kesi ya Baldwin dhidi ya tume ya wanyamapori ya Montana, iliyoamuliwa mwaka 1978, mkaazi aliweza kupata leseni ya elki kwa dola 9, ilhali mgeni, yaani mkaazi wa jimbo jingine, alilazimika kununua leseni ya pamoja ya dola 225. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba uwindaji wa elki ni burudani, si haki ya msingi ambayo Katiba inaitaka kila jimbo iitoe kwa usawa kwa raia wa majimbo mengine. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliutilia shaka ukomo wa asilimia 10 ambao Arizona iliwawekea wageni, lakini mwaka 2005 Bunge la Marekani likapitisha sheria inayothibitisha mamlaka ya majimbo kuwatofautisha wakaazi na wasio wakaazi. Kwa hiyo mlango wa mahakama umefungwa, na uamuzi umebaki kwa mabunge na tume za majimbo, ambako mgeni hana kura.

Kutokana na hali hiyo, ada ya mgeni ndiyo rahisi kuliko zote kupandishwa. Wyoming humtoza mkaazi dola 57 kwa leseni ya elki na mgeni dola 692, na fedha za wageni hubeba sehemu kubwa ya mapato ya leseni yanayoendesha idara ya wanyamapori. Montana ilipandisha leseni ya pamoja ya mgeni kutoka dola 628 hadi 897 baada ya kura ya wananchi ya mwaka 2010, na tangu hapo bei imevuka dola 1,000. Binafsi naona si haki kwamba anayelipia sehemu kubwa ya uhifadhi ndiye wa kwanza kupunguziwa nafasi, na nadhani majimbo haya yatakuja kulihisi pengo hilo katika bajeti zao. Hata hivyo, unapaswa kupanga kwa sheria zilizopo.

Vibali vinapungua kwa njia mbili zinazoenda pamoja. Ya kwanza ni wanyama wenyewe: baridi kali ya mwaka 2022 kuingia 2023 iliua idadi kubwa ya kulungu wa masikio makubwa na pronghoni (mnyama anayefanana na swala) magharibi mwa Wyoming, na vibali vya wanyama hao vikakatwa kwa maelfu. Elki walistahimili vizuri zaidi. Ya pili, ambayo kwa elki ndiyo yenye uzito, ni mgao. Wyoming huwapa wageni asilimia 16 ya vibali vya elki vyenye idadi maalumu. Mwaka 2022 ilipunguza fungu la wageni kwa kondoo wa milimani, mbuzi wa milimani, musi (kulungu mkubwa kuliko wote) na baisani (nyati wa Amerika) hadi asilimia 10. New Mexico huwatengea wakaazi asilimia 84, wanaokwenda na waongozaji asilimia 10, na sisi wengine tunagombea asilimia 6 iliyobaki. Kuanzia mwaka 2025 Colorado iliondoa uuzaji wa moja kwa moja wa vibali vya elki vya upinde kwa wageni katika maeneo yaliyo magharibi mwa barabara kuu namba 25, na huko ndiko elki wengi waliko. Idaho nayo, iliyokuwa ikiuza vibali vya msimu wa jumla kwa atakayetangulia, imewahamishia wageni kwenye droo kuanzia msimu wa 2026. Kila mlango mmoja unapofungwa, waliokuwa wakiutumia huhamia ule uliobaki wazi, na foleni ya jirani huongezeka mwaka huohuo.

Sasa tuzitazame pointi zako. Wyoming hugawa asilimia 75 ya leseni za wageni kwa kufuata wingi wa pointi, na asilimia 25 kwa bahati nasibu isiyojali pointi. Chukua mfano wa kubuni wa eneo lenye leseni 20 za wageni. Leseni 15 huenda kwa wenye pointi nyingi zaidi, na 5 hupigiwa kura. Ikiwa watu 150 wako kwenye ngazi ya juu kabisa, itachukua miaka kumi kuwamaliza hao peke yao, kabla aliye nyuma yao kwa pointi moja hajafikiwa. Katika miaka hiyo kumi wewe utaongeza pointi kumi, lakini nao wataongeza kumi, na umbali kati yenu utabaki uleule. Kwa maneno mengine, pointi zinazohitajika huongezeka karibu kwa kasi ileile unayozikusanya, na aliyeanza akiwa amechelewa anaweza kulipa maisha yake yote asifike. Kila pointi ya elki inakugharimu dola 52, kwa hiyo miaka kumi ya kungoja ni dola 520 kabla hujalipia leseni yenyewe, na bei ya leseni hiyo wakati huo huijui.

Leseni ya jumla ni tofauti. Hutolewa kwa maelfu, kwa hiyo foleni yake husogea. Lakini pointi zinazohitajika kuipata nazo zimekuwa zikiongezeka, na ndiyo sababu ninakuhimiza usichelewe. Kabla ya kuomba, soma taarifa ya matokeo ya droo ya mwaka uliotangulia, ambayo idara ya wanyamapori ya Wyoming huichapisha, na uangalie ni asilimia ngapi ya wenye pointi nne waliopata, katika droo ya kawaida na katika ile maalumu.

Ada maalumu haikupi msimu mrefu zaidi wala eneo bora zaidi. Leseni ni ileile. Wyoming hutenga asilimia 40 ya leseni za elki za wageni kwa wale walio tayari kulipa zaidi, na unachonunua ni kuingia katika kundi lenye ushindani mdogo. Tangu mwaka 2024 bei yake imepanda kutoka dola 1,268 hadi 1,950, yaani dola 1,258 zaidi ya leseni ya kawaida. Ilipe pale tu taarifa ya droo inapoonyesha kwamba wenye pointi zako walipata kwa uhakika upande huo na walikosa upande wa kawaida. Ikiwa pande zote mbili ziliwapa nafasi nzuri, au zote mbili ziliwanyima, fedha hiyo ibaki mfukoni mwako.

Ukipata leseni hiyo, pointi zako zitarudi sifuri, na hilo lisikusumbue. Wakati ukianza upya, omba New Mexico kila mwaka: fungu la asilimia 6 ni dogo, lakini hakuna pointi, na anayeomba kwa mara ya kwanza ana nafasi sawa na aliyeomba kwa miaka 20. Unatakiwa kulipa ada yote ya leseni unapoomba, nawe hurejeshewa ada hiyo ya leseni ukikosa. Ikiwa nia yako hasa ni nyama na kuwa milimani, Wyoming pia huuza leseni za bei nafuu za majike na ndama, ambazo ukizipata hazikupunguzii pointi.

Zingatia mambo mawili unapojaza fomu. Dirisha la maombi ya elki kwa wageni Wyoming hufungwa mapema Februari, na pasipo kuomba wala kununua pointi kwa miaka miwili mfululizo unapoteza zote ulizonazo. Vilevile, sheria ya Wyoming inamkataza mgeni kuwinda wanyama wakubwa katika maeneo ya shirikisho yaliyotangazwa kuwa nyika ya hifadhi kamili asipokuwa na mwongozaji mwenye leseni au mkaazi aliyepewa kibali cha kumwongoza bila malipo. Safari yenye mwongozaji hugharimu maelfu ya dola, na sehemu kubwa ya milima ya kaskazini-magharibi mwa jimbo hilo iko ndani ya mipaka hiyo. Chora mipaka yake kwenye ramani yako kabla hujachagua mahali pa kuweka kambi.