Shingo ya farasi wangu ni nyembamba: nimjengeje misuli bila kumuumiza?

SWALI: Daktari, nina farasi jike wa miaka 9. Kabla sijamchukua alikaa muda mrefu bila kazi. Tumbo lake ni la kawaida na mbavu hazionekani, ila shingo ni nyembamba, mbele ya nundu ya mabega kuna shimo, na upande wa chini wa shingo umetuna msuli mgumu. Uti wa mgongo nao umechomoza. Mkufunzi mmoja amenishauri nimfunge kichwa kwa kamba hadi kidevu kikaribie kifua, kisha nimzungushe nusu saa kila siku, eti shingo itajaa yenyewe. Ameniambia pia ninunue unga wa kujenga misuli. Ninaogopa kumharibu. Nifanye nini, na nitegemee mabadiliko baada ya muda gani?

JIBU: Dada, hofu yako ina msingi. Kamba hiyo iache, na unga usiununue kwanza. Nitaeleza kwa nini, maana ukielewa shingo inavyofanya kazi utaweza kumpima kila atakayekupa ushauri, mimi nikiwemo.

Farasi hana mtulinga. Miguu yake ya mbele haikuunganishwa na kiwiliwili kwa mfupa wowote; kifua kinaning'inia kati ya mabapa mawili ya mabega kwa misuli mitupu, kama mgonjwa anayebebwa kwenye machela. Misuli hiyo inatoka kwenye mbavu na kwenye pingili za chini za shingo, inakwenda kushika upande wa ndani wa bapa la bega. Ikiwa na nguvu, kifua kinainuka katikati ya mabega, nundu inapanda, na shina la shingo linapanda pamoja nayo. Ikiwa dhaifu, kifua kinadidimia, farasi ananyanyua kichwa ili asawazishe uzito, mgongo unabonyea, na kazi yote inahamia kwenye msuli mrefu unaotoka nyuma ya kichwa kuteremka hadi mfupa wa juu wa mguu wa mbele. Huo ndio uliotuna chini ya shingo ya farasi wako. Umekua kwa sababu ndio anaoutumia kutwa, na ile ya juu imesinyaa kwa kukosa kazi.

Sasa tazama kamba inafanya nini. Inakunja shingo karibu na kichwa, hasa kwenye pingili ya pili na ya tatu, lakini kule chini, shingo inapoungana na kifua, hakuna kinachoinuka. Farasi mmoja atajifunza kuiegemea kamba, na kuegemea huko kunazidi kukomaza misuli ya chini unayotaka ipungue. Mwingine atajificha nyuma ya lijamu, kidevu kifuani, akionekana mtiifu huku mgongo umekufa. Njia ya hewa kooni inabanwa. Msuli unaoshikiliwa mkao mmoja bila kulegezwa hauishi kuuma, kwa kuwa damu haipiti vizuri. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilitamka mwaka 2010 kwamba kukunja shingo ya farasi kwa nguvu hakukubaliki. Kwa hiyo si mimi peke yangu mwenye wasiwasi.

Kabla ya mazoezi, jiulize kwa nini misuli haipo. Kukaa bila kazi kunaweza kutosha kuwa jibu, lakini mara nyingi kuna jambo lingine nyuma yake, na tandiko ndilo ninaloanza nalo kulishuku. Shimo mbele ya nundu na mabonde nyuma ya mabapa ya mabega ni alama za kawaida za tandiko jembamba, au lililowekwa mbele mno, linalominya misuli hadi inasinyaa. Hapo unaweza kufanya mazoezi mwaka mzima na usipate kitu. Mwite fundi wa matandiko alikague, na umwambie wazi kwamba unataka misuli iongezeke, ili aache nafasi. Halafu utakapoona umbo limebadilika, mwite tena. Tandiko lililokaa vizuri mwanzo litakuwa limembana.

Meno yakaguliwe. Miguu na kwato pia, kwa sababu farasi anayeumwa nyuma hasukumi, na asiposukuma nyuma mbele hakuinuki. Kwa farasi mzee, hasa aliyevuka miaka 15, ningepima damu kwa ugonjwa wa tezi ya pituitari, ile ndogo iliyo chini ya ubongo, ambao hula misuli ya mgongo na mara nyingi huacha manyoya marefu yasiyopukutika. Kwa umri wa wako sioni haraka ya kipimo hicho.

Yako mambo ambayo hayasubiri: misuli kupotea upande mmoja tu, kujikwaa au kuyumba, kukataa kupinda shingo upande fulani, au mgongo kusinyaa ndani ya siku chache. Yanaweza kutokana na neva, na baridi yabisi ya pingili za chini za shingo, au na uvimbe wa misuli unaowapata zaidi farasi wa aina ya Quarter Horse wenye kasoro fulani ya kijenetiki. Ukiona mojawapo, mazoezi yasimame na daktari aje kwanza.

Chakula. Msuli hujengwa kwa protini, na ndani ya protini kiungo kinachopungua kwanza kwa farasi ni asidi amino iitwayo laisini. Farasi wa kilo 500 asiye na kazi anahitaji takriban gramu 630 za protini kwa siku, zikiwemo gramu 27 hivi za laisini, kwa viwango vya Marekani vya mwaka 2007. Akianza kazi mahitaji yanapanda. Msingi uwe majani: uzito mkavu wa asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wa mwili, yaani kilo 7.5 hadi 10 kwa farasi huyo. Majani yaliyovunwa yakiwa yamekomaa sana hushibisha bila kujenga. Hapo lusani kiasi, au mashudu ya soya yaliyopikwa, huziba pengo vizuri kuliko makopo mengi ya dukani. Ule unga, kama una laisini na chakula chako kinaipungukia, utasaidia. Kama haipungui, farasi atakojoa pesa zako. Akila majani makavu tu bila malisho mabichi, muulize daktari wako kuhusu vitamini E, kwa maana hupotea majani yanapokauka. Kipimo cha kawaida ni uniti za kimataifa (IU) 1 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Madini ya seleniamu usiongeze kwa kukisia, ikizidi ni sumu.

Na tafadhali usimnenepeshe ukidhani unamjenga. Msuli hukaa ubavuni mwa shingo. Mafuta hukaa juu kabisa, chini ya singa, kama ukingo mgumu ambao kwa walionenepa sana huinama upande. Ukingo huo mara nyingi huenda pamoja na kuvurugika kwa insulini, na insulini ikivurugika farasi yuko karibu na laminaitisi, ule uvimbe wa ndani ya kwato unaoweza kumlaza kabisa.

Kuhusu kazi, anza chini, bila kumpanda. Mwongoze kwa mkono kwa hatua za kutembea, kwenye mwinuko mpole kama upo, akitembea kwa bidii lakini bila papara. Mrudishe nyuma hatua chache polepole, kichwa kikiwa chini. Zoezi hili watu hulidharau, ila linafanyisha kazi tumbo, matako na ile misuli inayobeba kifua kwa wakati mmoja. Laza magogo chini, ukiachanisha sentimita 80 hadi 90 kwa kutembea, na mita 1.2 hadi 1.4 kwa mbio ndogo. Rekebisha kulingana na hatua yake. Yeye mwenyewe atashusha shingo kutazama anapokanyaga, na hilo ndilo tunalolitaka.

Akishapata joto, mfanyishe mazoezi ya kufuata karoti: kidevu kifuani, kidevu kati ya magoti, kisha kidevu ubavuni kila upande. Sekunde chache kila mkao, mara 5 hivi. Tofauti na kamba ni kwamba hapa anakwenda mwenyewe na anatoka anapotaka, hakuna mkono unaomvuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia farasi waliofanya mazoezi ya namna hii siku 5 kwa wiki kwa miezi 3, na misuli midogo ya ndani inayoshikilia pingili za mgongo ilionekana kuongezeka. Kwa zoezi lisilo na gharama, sijui lingine linalolipa hivyo.

Ukimzungusha kwa kamba ndefu, duara liwe kubwa, kipenyo cha mita 20 hivi, dakika 10 hadi 15 zinatosha, na ubadilishe upande mara kwa mara. Nusu saa ya duara dogo ni mzigo kwa viungo vya miguu. Mwache anyooshe shingo mbele na chini. Juu ya shingo kuna kano nene inayonyumbuka, inayotoka kichogoni hadi kwenye nundu na kuendelea mgongoni. Shingo ikinyooka hivyo, kano inavuta nundu na mgongo unainuka. Lakini usimwache aburute pua ardhini kipindi chote, maana uzito unahamia miguu ya mbele. Dakika chache chini, kisha arudi juu, kisha tena chini.

Siku za kazi 4 au 5 kwa wiki zinatosha, na siku ya kazi nzito ifuatwe na ya matembezi tu, kwa sababu msuli hukua ukipumzika.

Ukianza kumpanda, tumia mabadiliko mengi ya mwendo, kutembea kwenda mbio ndogo na kurudi, badala ya mzunguko mrefu wa aina moja. Mguso wa vigwe uwe laini. Kipimo changu ni hiki: vilegeze kidogo kidogo, uone kama anaifuata lijamu mbele na chini. Akifuata, anatumia mgongo. Akinyanyua kichwa au akibaki amejikunja, punguza ugumu wa kazi.

Wiki za mwanzo usitazamie umbo, tazamia mwendo: hatua ndefu zaidi, mkia uliolegea, kupumua kwa utulivu. Shimo la mbele ya nundu hupungua baada ya miezi 3 hivi ya kazi ya mfululizo, na shingo iliyokamilika inaweza kuchukua mwaka. Mpige picha ya ubavuni kila wiki 4, akiwa amesimama mahali palepale na kichwa kikiwa katika urefu uleule. Macho yanayomwona kila siku hayaoni tofauti. Picha ya nne ikiwa sawa na ya kwanza, usiongeze mazoezi. Rudi kwenye tandiko, kisha mwite daktari.