Choo na kisima: uchafu huchukua siku ngapi kufika? Maswali na majibu

Jirani yetu hapa Langoni ana choo cha shimo mita 20 kutoka kisima chetu, upande wa juu. Je, hesabu inaweza kutuambia uchafu utafika lini? (Msomaji, Lamu)

Inaweza, mradi mpime mambo matatu. Kanuni ni ile ya Henry Darcy ya mwaka 1856: mwendo wa maji ardhini ni upitishaji wa udongo mara mteremko wa maji, kisha mgawanye kwa sehemu ya matundu ambayo maji hupitia. Tuseme mchanga wenu unapitisha mita 10 kwa siku, mteremko ni 0.002 na matundu ni 0.25. Jibu ni mita 0.08 kwa siku, yaani mita 20 kwa siku 250.

Hiyo ni wastani tu. Chembe za mchanga huyagawa maji, mengine yakapita njia fupi na mengine yakazunguka, kwa hiyo uchafu hauji kwa mstari mmoja. Tukichukua urefu wa mtawanyiko, yaani kipimo cha jinsi uchafu unavyotanuka njiani, wa mita 2 (desturi ni sehemu moja ya kumi ya umbali), kufikia siku ya 160 kisima tayari kina karibu moja ya tano ya ukolezi (kiasi cha uchafu katika kila lita) ulioko chooni. Anayepima siku ya 250 akidhani uchafu ndiyo kwanza unafika amechelewa.

Tena inategemea ni uchafu gani. Naitreti, chumvi ya nitrojeni itokanayo na kinyesi na mkojo, haishikwi na mchanga, inakwenda na maji pamoja. Bakteria hufa njiani: nusu yao wakifa kila siku 5, siku 160 ni kupunguzwa nusu mara 32, na hakibaki kitu cha kuhofia. Virusi wengine hudumu zaidi, msiwape hesabu hiyohiyo. Wala msisahau kinyesi cha punda vichochoroni na uani; nacho kinatoa naitreti, na modeli (hesabu ya kuiga mwendo wa uchafu) yenye choo peke yake itamsingizia jirani.

Kigumu kuliko vyote ni mteremko. Kwa 0.002, tofauti ya maji kati ya visima viwili vilivyo mita 50 mbali ni sentimita 10 tu. Ukikosea sentimita 5, zile siku 250 zinakuwa 167 au 500. Basi tumia visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja, ili ujue na upande maji yanakokwenda, na ulinganishe kimo cha midomo yake kwa mpira mwembamba wa maji kama wanavyofanya mafundi wa ujenzi. Usipime kimoja asubuhi kingine jioni. Karibu na bahari, maji ya kisima hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa, na wakati wa bamvua zaidi. Pima vyote vitatu kila saa kwa saa 25, kisha uchukue wastani.

Mimi niko Malindi, kisima kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Nitumie hesabu hiyo?

Kanuni ndiyo hiyo, ila namba zinabadilika vibaya. Maji hupita kwenye nyufa na mashimo, si kwenye jiwe zima. Weka upitishaji wa mita 100 kwa siku na matundu yanayopitisha ya 0.05, mteremko uleule: mwendo ni mita 4 kwa siku. Mita 20 zinakwisha kwa siku 5, na kwa kiwango kile cha kufa, nusu ya bakteria wanafika hai. Umbali unaotosha mchangani hautoshi hapa. Wala usipime upitishaji kwa kipande cha jiwe ulichokatiwa. Ufa mmoja usioonekana hubeba maji kuliko jiwe lote. Pampu kisima chenyewe na uandike maji yanavyoshuka.

Programu ya kompyuta ya kuiga mwendo wa uchafu, inayogawa ardhi kwa miraba, inanipa ukolezi hasi kwenye baadhi ya miraba hiyo. Nimekosea data? (Mwanafunzi)

Huenda data ni nzima. Angalia kwanza ukubwa wa miraba. Upana wa mraba usizidi mara mbili ya urefu wa mtawanyiko: kwa mita 2, mraba wa mita 4. Hatua ya muda isiyavushe maji mraba zaidi ya mmoja, yaani kwa mwendo wa mita 0.08, isizidi siku 50. Wengi hukimbilia mbinu ya upande wa juu, ambapo kila mraba huchukua ukolezi wa mraba maji yanakotoka, kwa sababu namba hasi hupotea. Zinapotea kweli, lakini kwa miraba ya mita 20 mbinu hiyo inaongeza mtawanyiko wa bandia wa hadi mita 10. Picha inapendeza, na ni uongo.

Nikitia klorini kisimani, naitreti itatoka?

Haitatoka. Klorini huua vijidudu. Kuchemsha nako huzidisha ukolezi, kwa kuwa maji hupungua na naitreti hubaki. Kikomo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) ni miligramu 50 kwa lita, na walio hatarini zaidi ni watoto wachanga wanaopewa maziwa ya kopo. Wao wapewe maji ya mvua ya jabia safi, yaliyochemshwa.

Kisima chetu cha Shela hugeuka chumvi wakati wa kaskazi. MODFLOW, programu ya kuhesabu mwendo wa maji ardhini, itaonyesha kwa nini?

Matoleo yake ya zamani, kama MODFLOW-2005, peke yake hayataonyesha, kwani huyachukulia maji yote kuwa na uzito mmoja. Maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyo mazito zaidi: kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari hushikiliwa na kama mita 40 chini yake. Kiangazi kikishusha maji sentimita 10, mpaka wa chumvi hatimaye hupanda kama mita 4. Hapo inatakiwa MODFLOW 6, yenye sehemu ya kuhesabu tofauti za uzito wa maji, au SEAWAT, inayounganisha MODFLOW na MT3DMS (programu ya mwendo wa uchafu na chumvi) na kuhesabu uzito wa maji.

Kabla ya modeli, lakini, inua pampu iwe karibu na uso wa maji na ugawe uvutaji: badala ya saa mbili mfululizo, nusu saa mara nne. Ukivuta kwa nguvu mahali pamoja, chumvi hupanda kama kichuguu chini ya pampu, na hushuka polepole kuliko ilivyopanda. Maji ya bahari yana kloraidi kama miligramu 19,000 kwa lita, kwa hiyo asilimia 2 tu ya maji hayo inatosha kuharibu ladha ya chai.